Vipimo Viwili Vikikataa Kukubaliana

Somo la wiki hii limetoka kwa swali la kijana. Mimi hufundisha fizikia siku za wiki, na Jumapili nasaidia darasa la vijana. Majuzi kijana mmoja wa Kidato cha Nne alinijia na simu mkononi. Alikuwa ametazama video iliyosema kwamba wanasayansi wamepima ulimwengu kwa njia mbili na majibu yamekataa kulingana. Akaniuliza, "Mwalimu, kwani hawa watu wamekuwa wakitudanganya?" Kabla sijafungua mdomo, mama mmoja aliyekuwa karibu akasema, "Si nilikwambia! Hao hawajui kitu."

Nikawaambia wanipe muda niandike, kwa sababu swali hilo halijibiwi mkiwa mmesimama mlangoni. Watu wawili waaminifu wakipima kitu kimoja na kila mmoja akapata jibu lake, tufanye nini? Tumwite mmoja mwongo? Tugawanye katikati ili tuwe na amani? Ama tunyamaze tu? Kama wewe ni mweka hazina wa chama, swali hili unalijua. Kama umewahi kuuza mahindi, unalijua zaidi. Basi tuanze na huko juu, halafu turudi nyumbani.

1. Ni nini hasa kinachopimwa?

Chukua ule mpira mwembamba wa kufungia noti. Ukate uwe kamba moja, kisha uweke alama za kalamu, kila moja sentimita moja kutoka kwa mwenzake. Sasa uvute mpaka urefu uwe mara mbili. Alama ya kwanza iliyokuwa sentimita 1 kutoka mwanzo sasa iko sentimita 2, imesogea 1. Alama iliyokuwa sentimita 3 sasa iko sentimita 6, imesogea 3. Muda ni ule ule, lakini iliyo mbali imesogea zaidi. Na ukiangalia vizuri, hakuna alama iliyotembea. Mpira wenyewe ndio ulionyooka.

Hivyo ndivyo ilivyo na galaksi. Galaksi ni familia kubwa ya nyota, na jua letu ni nyota moja tu katika familia moja. Nafasi iliyo kati ya galaksi na galaksi inatanuka, na ile iliyo mbali zaidi inaonekana ikienda kwa kasi zaidi. Usiwe na hofu, nyumba yako haitanuki, wala dunia, wala galaksi yenyewe. Hivyo vinashikwa na nguvu zinazoviunganisha. Ni ile nafasi kubwa sana huko kati ndiyo inayonyooka.

Sasa, tunataka kujua inanyooka kwa kasi gani. Wataalamu hutumia kipimo kinachoitwa megapaseki. Megapaseki moja ni umbali ambao mwanga husafiri kwa miaka milioni 3.26, na mwanga hukimbia karibu kilomita 300,000 kila sekunde. Tuseme kasi ni 70. Maana yake ni kwamba galaksi iliyo megapaseki 1 kutoka kwetu inasogea kilomita 70 kila sekunde. Iliyo megapaseki 10 inasogea kilomita 700. Iliyo megapaseki 100, kilomita 7,000. Nambari hiyo moja, hiyo 70, ndiyo inayozua mjadala wote.

Kupata nambari hiyo unahitaji vitu viwili: galaksi inakimbia kasi gani, na iko mbali kiasi gani. Kasi si shida kubwa. Mwanga uliosafiri katika nafasi inayotanuka hunyooka nao, ukasogea kuelekea rangi nyekundu, na vyombo husoma badiliko hilo. Shida ni umbali. Huwezi kutandaza kamba mpaka kwenye nyota.

2. Njia ya kwanza: kupima kwa gorogoro

Sote tunajua gorogoro, ule mkebe wa kupimia mahindi sokoni. Unapima gorogoro moja, mbili, tatu, unajaza debe. Kwa madebe unajaza gunia. Kipimo kidogo kinajenga kipimo kikubwa. Njia ya kwanza ya kupima mbingu iko hivyo hivyo.

Gorogoro ya kwanza ni jicho lako na kidole gumba. Nyoosha mkono, inua kidole, funga jicho moja, kisha ufunge lingine. Kidole kinaonekana kuruka upande. Kikiwa karibu kinaruka sana, kikiwa mbali kinaruka kidogo. Dunia inapozunguka jua, nyota za karibu nazo zinaonekana kuruka kidogo hivyo, na kwa hesabu ya pembe tunapata umbali wake. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Gaia, iliyorushwa mwaka 2013, ilifanya kazi hiyo kwa nyota zaidi ya bilioni moja.

Kipimo cha pili tulipewa na mwanamke aliyeitwa Henrietta Swan Leavitt, aliyefanya kazi Harvard, Marekani, akiwa na tatizo la kusikia. Kazi yake ilikuwa kukaa na picha za nyota akizilinganisha moja moja. Kuna nyota ziitwazo Sefeidi, ambazo hung'aa na kufifia, hung'aa na kufifia, kwa mpigo usiobadilika. Mwaka 1912 Leavitt alionyesha kwamba Sefeidi yenye mpigo wa polepole ndiyo yenye mwanga mkubwa zaidi. Basi ukihesabu mpigo wake, umejua nguvu ya taa. Na ukijua nguvu ya taa, kisha uone jinsi inavyofifia machoni pako, unajua iko umbali gani. Ni kama kuona taa ya pikipiki usiku: kama unajua taa yenyewe ina nguvu kiasi gani, unaweza kukadiria boda boda iko wapi.

Nyota alizotumia ziko katika galaksi ndogo iliyo karibu nasi upande wa kusini wa anga. Hiyo pamoja na dada yake huonekana hata kwetu Kenya. Mwezi wa Desemba au Januari, ukiwa mahali pasipo na stima na mbingu ni safi, angalia kusini karibu na upeo wa macho. Yule dada mkubwa huonekana kama kijiwingu ambacho hakiondoki na upepo.

Kipimo cha tatu ni nyota zinazolipuka, ziitwazo supanova. Kuna aina moja ambayo milipuko yake hufikia mwanga unaokaribiana, na mwanga huo ni mkali hata unaonekana kutoka galaksi za mbali mno. Kwa hiyo pembe inasahihisha Sefeidi, Sefeidi inasahihisha supanova, na supanova inatufikisha mbali kabisa.

Kikundi kinachoongozwa na Adam Riess wa Marekani kimefanya kazi hii kwa miaka mingi. Mwaka 2022 kilitoa jibu lililojengwa juu ya supanova 42 zilizo katika galaksi ambazo Sefeidi zake zimepimwa: 73.04, pengine 1.04 zaidi au pungufu.

3. Njia ya pili: kuhesabu kutoka shambani

Njia ya pili haiendi sokoni. Inaanzia wakati wa kupanda. Afisa wa kilimo akijua ekari zako, mbegu uliyotumia, mbolea, na mvua iliyonyesha, anaweza kukaa na kalamu akuambie utavuna takriban magunia mangapi kabla hujavuna hata hindi moja.

Je, kuna rekodi ya wakati wa kupanda wa ulimwengu? Iko. Mwaka 1964 na 1965, huko New Jersey, Marekani, wanaastronomia wawili wa mawimbi ya redio, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa na antena kubwa yenye umbo la pembe. Antena ilikuwa na mvumo usioisha. Wakaielekeza kila upande, mvumo ukabaki. Wakakuta njiwa wamejenga kiota ndani. Wakawatoa, wakasafisha kinyesi chote, mvumo ukabaki. Mwishowe ikajulikana kwamba mvumo haukuwa kosa la chombo. Ulikuwa mwanga wa kale sana, uliopoa ukawa mawimbi ya maikrowevu, unaokuja kutoka kila pembe ya anga. Wazee wenzangu wanakumbuka zile chengachenga za televisheni kabla hatujahamia dijitali. Sehemu ndogo ya chengachenga hizo ilikuwa mwanga huo huo.

Kwa hesabu za wataalamu, mwanga huo ulitoka wakati ulimwengu ulikuwa na umri wa miaka kama 380,000 tu. Haukulingana kabisa kila mahali. Una madoa madogo ya joto na baridi, kwa sababu ndani ya ule moto wa mwanzo kulikuwa na mawimbi yakipita kama sauti. Ukubwa halisi wa mawimbi hayo unaweza kuhesabiwa. Ukiulinganisha na ukubwa yanaoonekana nao angani leo, unapata ekari, mbegu na mbolea: kiasi cha vitu vya kawaida, kiasi cha vitu visivyoonekana, na nguvu inayosukuma nafasi. Halafu unaketi na kalamu kama yule afisa wa kilimo, unakadiria kasi inapaswa kuwa ngapi leo.

Setilaiti ya Ulaya iitwayo Planck, iliyorushwa mwaka 2009, ndiyo iliyopiga ramani bora ya mwanga huo wa kale kwa anga nzima. Jibu lake la mwaka 2018 lilikuwa 67.4, pengine 0.5 zaidi au pungufu.

4. Mbona wahangaike na tofauti ndogo hivyo?

Hesabu ya shambani inasema 67.4. Mizani ya ghalani inasema 73. Mtu atasema, aah, hizo si zinakaribiana? Ni asilimia 8 tu!

Lakini sikiza. Ukimuuliza fundi urefu wa mbao naye akasema "kama mita 3 hivi, nikikosea nusu mita," na mwenzake akasema "kama mita 3.2, nikikosea nusu mita," hapo hakuna ugomvi. Kila mmoja ameacha nafasi ya kukosea, na nafasi hizo zinaingiliana. Hapa sivyo. Wa kwanza anasema: hata nikikosea kidogo, niko kati ya 66.9 na 67.9. Wa pili anasema: hata nikikosea kidogo, niko kati ya 72 na 74.1. Kati yao kuna pengo. Kama kila mmoja amekadiria makosa yake vizuri, uwezekano wa pengo hilo kutokea kwa bahati tu ni takriban moja kati ya milioni.

Na matokeo yake si madogo. Umri wa ulimwengu hupatikana kwa hesabu hiyo hiyo. Kwa nambari ya Planck, umri ni takriban miaka bilioni 13.8. Ukiweka 73 na kuacha mengine yote yalivyo, umri unapungua kwa karibu miaka bilioni moja. Tena, kama vipimo vyote viwili ni sahihi, basi kuna kitu shambani ambacho afisa wa kilimo hakukihesabu. Pengine kulikuwa na msukumo wa ziada huko mwanzoni. Wapo waliopendekeza hivyo, na wapo waliopendekeza mengine mengi. Hadi leo hakuna pendekezo moja lililokubaliwa na wote.

5. Gorogoro iliyobonyea

Hili nataka ulishike vizuri. Kuna makosa ya aina mbili katika kupima.

La kwanza ni kosa la mkono. Leo umejaza gorogoro ikafurika kidogo, kesho ukapunja kidogo. Ukipima mara mia, makosa hayo yanafidiana. Dawa yake ni kupima mara nyingi.

La pili ni kosa la gorogoro yenyewe. Kuna gorogoro zilizobonyea chini, mnazijua. Ukipimiwa kwa hiyo, hata ukipima mara elfu moja kwa moyo safi, mara elfu moja utapata mahindi pungufu. Kurudia hakusaidii chochote. Tena kurudia kunakudanganya, maana jibu linakuja lile lile kila mara na unaanza kuamini ni kweli.

Historia ya nambari hii imejaa gorogoro zilizobonyea. Edwin Hubble alipotangaza kipimo chake mwaka 1929, alipata karibu 500. Si 70, ni 500! Nambari hiyo ilimaanisha ulimwengu una umri wa miaka kama bilioni 2 tu, ilhali kulikuwa na miamba ya dunia iliyopimwa kuwa na miaka mingi kuliko hiyo. Sasa mtoto angezaliwaje kabla ya mama yake?

Aliyegundua mbonyeo alikuwa Walter Baade, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi California. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, taa za jiji la Los Angeles zilikuwa zikizimwa usiku, anga likawa jeusi, na Baade akaona kupitia darubini kubwa ya huko mambo ambayo hayakuwa yakionekana kwa urahisi. Aliendelea mpaka akagundua kwamba Sefeidi ziko aina mbili, na watu walikuwa wakizipima kama aina moja. Alipotangaza hayo mwaka 1952, umbali wa galaksi uliongezeka karibu mara mbili, kwa siku moja. Nyota hazikuwa zimehama. Ni gorogoro iliyonyooshwa.

Ugomvi haukuisha hapo. Miaka ya 1970 na 1980 Allan Sandage alishikilia karibu 50, na Gérard de Vaucouleurs akashikilia karibu 100. Wataalamu wakubwa, wote wawili, na hakuna aliyemkubali mwenzake. Mwaka 2001 kikundi cha Wendy Freedman, kwa kutumia darubini ya angani iliyopewa jina la Hubble, kilipata 72, pengine 8 zaidi au pungufu. Utasema, si hiyo ni katikati? Ndiyo, ilikuja karibu na katikati, lakini haikupatikana kwa kugawanya. Ilipatikana kwa kuweka darubini juu ya hewa ya dunia na kupima upya galaksi moja baada ya nyingine. Mahakamani hakimu hagawanyi ushahidi nusu kwa nusu ili kila mtu aende nyumbani akiwa na furaha.

6. Wamefanya nini baada ya kutofautiana?

Hapa ndipo ningependa yule kijana, na yule mama, wasome polepole.

Kwanza, kila upande umekagua gorogoro yake. Watu waliuliza: je, Sefeidi za mbali hazijachanganyika na nyota jirani, zikaonekana na mwanga usio wao? Swali zuri. Darubini mpya ya James Webb, iliyorushwa siku ya Krismasi 2021, inaona kwa ukali zaidi na inatenganisha nyota hizo. Kikundi cha Riess kiliitumia kuangalia upya Sefeidi zile zile, na vipimo vya awali vilisimama. Mchanganyiko wa nyota hauwezi kueleza pengo lote.

Upande wa mwanga wa kale nao ulikaguliwa, tena na watu wengine kwa chombo kingine. Katika jangwa la Atacama nchini Chile, kwenye mwinuko unaokaribia sawa na kilele cha Mlima Kenya wetu, darubini nyingine ilipima mwanga huo bila kutegemea Planck. Ikapata karibu 68. Kwa hiyo Planck haikuwa imepotoka peke yake.

Pili, wametafuta mashahidi wengine. Freedman, yule yule wa mwaka 2001, alitumia nyota nyekundu zilizozeeka badala ya Sefeidi, na mwaka 2019 akapata 69.8, katikati ya wagomvi. Na tarehe 17 Agosti 2017 vyombo vya Marekani na Italia vilinasa mtikisiko wa nafasi uliotokana na nyota mbili nzito mno zilizogongana katika galaksi iliyo umbali wa miaka kama milioni 130 ya mwanga. Mtikisiko wenyewe ulieleza umbali wake, bila Sefeidi, bila supanova. Jibu? 70, lakini likiwa na nafasi ya kukosea kutoka 62 hadi 82. Shahidi huyo ni mwaminifu, ila bado anaona kwa mbali. Anawakubali wote wawili, kwa hiyo bado hajaamua kesi. Migongano mingine ya namna hiyo ikinaswa, jicho lake litakuwa kali zaidi.

Tatu, hawakuficha. Ndugu yangu, tunajuaje kwamba kuna tofauti? Ni wao wenyewe walioichapisha, pamoja na kiasi ambacho kila mmoja anaweza kukosea. Mtu anayetaka kudanganya angepunguza kidogo huku, aongeze kidogo kule, hesabu zikalingana na hakuna ambaye angeuliza. Mwambie jirani yako: anayeonyesha hesabu ambayo haijalingana si lazima awe mwizi!

7. Kasisi aliyekataa kusaidiwa

Wengine watashangaa kusikia kwamba mmoja wa watu wa kwanza kabisa kueleza kutanuka kwa ulimwengu alikuwa mtumishi wa dini. Georges Lemaître alikuwa kasisi Mkatoliki wa Ubelgiji na mtaalamu wa hesabu. Aliandika kuhusu kutanuka huko mwaka 1927, miaka 2 kabla ya Hubble. Mwaka 2018 wanaastronomia wa dunia walipiga kura na kupendekeza kanuni hiyo iitwe kwa majina yote mawili, Hubble na Lemaître.

Mwezi wa Novemba 1951 Papa Pius XII alitoa hotuba huko Roma akisema kwa furaha kwamba sayansi ya wakati huo inashuhudia uumbaji. Ungedhani Lemaître angepiga makofi. Hakufurahia. Msimamo wake ulikuwa kwamba nadharia yake ni ya fizikia, na isigeuzwe kuwa hoja ya kuthibitisha dini wala ya kuipinga.

Kwa nini mtu wa imani akatae msaada wa namna hiyo? Angalia kilichofuata. Mwaka 1952, mwaka mmoja tu baadaye, wanaastronomia walikutana katika mji huo huo wa Roma, na hapo ndipo Baade alipotangaza kwamba vipimo vya umbali vilikuwa na kosa la karibu mara mbili. Aliyekuwa amefunga imani yake kwenye nambari ya 1951 angelazimika kuifungua 1952.

Na kamba hiyo inavuta pande zote mbili. Kuna anayesema, "Nambari zimekubaliana, basi Mungu yupo." Kuna anayesema, "Nambari zimepingana, basi sayansi ni uongo." Wote wawili wamefunga ng'ombe kwenye mti ambao mwenye shamba anaweza kuukata kesho. Sijaandika somo hili kumlazimisha mtu kuhusu umri wa ulimwengu. Mnajua humu ndani tuna maoni tofauti. Nasema tu kwamba tukimfundisha kijana kwamba 67 kukataa kulingana na 73 ni ushindi wetu, siku zitakapolingana tutakuwa tumemfundisha kwamba tumeshindwa. Ataondoka na hilo begani akienda chuo, na sisi hatutakuwepo kumwelezea.

Mambo matatu ya kwenda nayo nyumbani

Moja: tofauti na uongo si kitu kimoja. Mapato ya chama yakipishana na kitabu, kabla hujamwita mweka hazina mwizi kwenye WhatsApp, kaeni chini na risiti.

Mbili: pima gorogoro kabla ya kurudia kupima. Mashine ya presha ikisoma vibaya, kuivaa mara tano hakuleti ukweli. Jaribu mashine nyingine.

Tatu: tafuta shahidi asiyetumia kipimo chako. Wapimaji wawili wa shamba wakitofautiana juu ya mpaka, wa tatu anayeanza kutoka alama ile ile iliyosogezwa hawezi kusaidia. Mtafute anayeanzia mahali pengine.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Ni kosa gani linalotibiwa kwa kupima mara nyingi, na ni lipi ambalo kupima mara nyingi hakulitibu? Toeni mfano mmoja mmoja kutoka kazini au nyumbani.

2. Kwa nini 67.4 na 73 ni ugomvi mkubwa, ilhali 70 ya mwaka 2017 haigombani na yeyote? Angalieni nafasi ya kukosea ambayo kila mmoja ameacha.

3. Mtoto wako akirudi na video inayosema wanasayansi wametofautiana, utamwambia nini kwanza, na utamwuliza nini?

4. Kuna hesabu gani katika familia, chama au kamati yenu ambayo haijalingana na watu wameamua kuinyamazia? Nani anaweza kuwa shahidi wa tatu?

Walimu wa watoto, mpira wa kufungia noti na kalamu vinatosha kufundisha sehemu ya kwanza. Wape kila mtoto mpira wake, waweke alama na kuvuta wenyewe, kisha waeleze ni alama gani imesogea zaidi na kwa nini.